Konseto ya Nzuki, Isiyo na Picha

Jumatatu, 3 Agosti 1936
Kutoka Kwa Vonza mpaka Mombasa hakuna mpiga kinanda kama mimi. Sijisifu, panya ni shahidi! Gari la sinema la serikali lilipokuja kutufunza afya, picha ya panya wa tauni ilikuwa bubu, watu wakacheka tu. Nikavuta kinanda changu cha mkono. Panya akinyemelea, nanong'ona. Akiruka, nafinya. Wazee wakapanda juu ya viti! Ndiye mimi, Nzuki, wa darasa la tatu na nusu.

Kiema, anayepiga kinanda cha kanisa, amesema ati muziki wangu ni mkia wa panya: picha ikizimwa, nao umekufa. Wivu! Lakini nimelifikiria neno hilo mchana kutwa.

Jumanne, 4 Agosti
Nimemuuliza Mbuvi, dereva wa gari la sinema. Aliwahi kumwendesha mzungu mpiga fidla huko Nairobi, kwa hiyo anajua yote. Kasema ng'ambo watunzi wa muziki wa sinema hudharauliwa vivyo hivyo. Basi wanatunga kitu kiitwacho konseto, cha kupigwa ukumbini bila picha. Chombo kimoja kinasema mbele, vingine vinakijibu nyuma, na watu wanakaa kimya wakisikiliza. Kimya? Nikamuuliza mara mbili.

Alhamisi, 6 Agosti
Konseto tayari! Yote iko kichwani. Mbele kinanda changu, nyuma filimbi, na rafiki yangu Ndululu kwenye ngoma. Ukumbi ni wa kanisa. Mzee wa kanisa Muthama akauliza ni muziki gani. Nikamwambia ni tenzi ambazo maneno yake bado yako njiani. Akasema sawa kijana, lakini ngoma, hapana. Ngoma gani tena, mzee? Ndululu ataileta ndani ya gunia la mtama.

Mwenye wasiwasi ni mama. Anabatizwa wiki ijayo. Miaka miwili darasa la ubatizo, ameshika maneno yote kwa kichwa, maana kusoma hajui. Zamani alicheza kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kuita pepo, na pepo walimpenda sana. Amenishika mkono: mwanangu, mdundo wa kilumi usiingie mle ndani. Nikamwambia mama, huu ni muziki wa ukumbini, pepo hawana ruhusa. Akarudi kusaga mtama.

(Sehemu ya pili ni kilumi tupu. Ndiyo tamu.)

Jumamosi, 8 Agosti
Walijaa! Kwanza wote waliangalia ukuta, wakingoja picha. Shangazi Muthoki akauliza panya anakuja saa ngapi. Nikaendelea. Kidogo kidogo macho yakatoka ukutani yakaja kwangu. Kimya! Hata Kiema mdomo wazi. Picha hakuna, na muziki haukufa.

Ndipo Ndululu akafungua gunia. Haikuchukua muda, mabega ya mama yakaanza kutikisika. Akashika benchi kwa mikono miwili. Nilimwona. Ningeinua kidole tu, Ndululu angeacha. Lakini sijawahi kujibiwa vizuri namna ile. Nikavuta zaidi. Mama akaachia benchi, akacheza hadi kitambaa kikaanguka kichwani, wanawake wakampigia vigelegele. Muthama akaja mbio akaikalia ngoma.

Jumanne, 11 Agosti
Kanisa limeamua. Mama hatabatizwa, arudi darasani, aanze mwanzo. Nimemwambia Muthama kosa ni langu. Akasema hilo analijua, lakini mabega yalikuwa ya nani?

Kiema naye kaja kuniambia, kwa sauti ya chini, ati muziki ule ulikuwa mzuri. Nilifurahi hata nikasahau kumtukana.

Jumatano, 12 Agosti
Nimeanza konseto ya pili! Nitaipigia sokoni, na ngoma ziwe tatu. Muthama hawezi kuzikalia zote. Kilumi nimeiongeza.

Kwa hiyo mambo yamekwenda sawa. Moja tu ndilo lililoharibika kweli. Mama husaga mtama akiimba. Tuni zangu zote, hata ya panya, nilizitoa hapo. Tangu Jumamosi anasaga kimya.