Ombi la Kukihamisha Kilima cha Uluivatu

Shule ya Wasichana ya Waidrasa,
Bonde la Juu, Naitasiri.
14 Septemba

Kwa Meja,
Afisa Mkuu wa Mafunzo ya Kadeti,
Suva.

Mheshimiwa Meja,

YAH: KILIMA KUTOKUWEPO MAHALI KILIPOAMRIWA KUWEPO

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda. Mimi ni Kadeti Mereoni Navula wa kidato cha sita, kiongozi wa sehemu ya kwanza katika kikosi cha kadeti cha shule yetu. Nakuandikia kuishitaki ardhi ya bonde letu, ambayo Jumamosi iliyopita ilikataa kutii amri za Sajini Apenisa Tuilawa, mkufunzi uliyetuletea mwezi wa pili.

Ningenyamaza, kwa kuwa ardhi ni ya wazee na mimi ni mtoto. Lakini Sajini ameandika ripoti ya zoezi, na katika ripoti hiyo ardhi haikulaumiwa hata kidogo. Nimelaumiwa mimi. Imeandikwa: "Kadeti Navula alijitenga na kundi, akapotea kwa saa sita. Dira moja imepotea." Basi, mistari miwili. Shule yetu ina nafasi moja katika kambi ya Desemba, pale mnapochagua wasichana wa kusomea uafisa, na jina litasomwa Ijumaa. Msichana mwenye mistari miwili ya namna hiyo hasomwi. Nimeitaka nafasi hiyo tangu darasa la tano, mama mdogo aliporudi kutoka kulinda amani Lebanon na buti zake zina vumbi jeupe, ambalo bibi alimkataza mtu yeyote kulifuta.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Kutoka daraja la shule, kwa ramani na dira, hadi kilele cha Uluivatu, ambako mwalimu wa jiografia alikuwa amepigilia kisanduku cheupe kwenye mti, na ndani yake muhuri. Ugonge kadi yako, urudi, ule. Kitabu chenu cha mafunzo, ambacho tumekikariri mpaka jina la mpiga chapa, kinasema ramani ikibishana na ardhi, iamini ardhi. Sajini ana mafundisho tofauti. Kwake yeye, ramani ikibishana na ardhi, ardhi imekosa nidhamu. Kwa kuwa ana cheo na mimi sina, nimeona nifuate mafundisho yake hadi mwisho, na niyaorodheshe makosa ya ardhi kama yalivyotokea.

1. Kijito cha Wainikovu kilihama. Tulipoondoka saa tatu asubuhi, kijito kilikuwa mkono wetu wa kushoto, kama ramani inavyotaka. Nusu saa baadaye kilikuwa mkono wa kulia, na hakuna kadeti aliyelowesha hata kamba ya kiatu. Mtu akiuona mto upande wa pili bila kuuvuka, ana maelezo mawili: ama mto umeruka, ama yeye amegeuka. Sajini alichagua la kwanza. "Mvua za juzi hizo," alituambia. "Mito ya huku haina msimamo."

Naomba kijito kiandikiwe barua ya onyo.

2. Sindano ya dira ilikuwa na tamaa. Sote hubeba mapanga, maana njia za huku huzibwa na majani kila wiki. Sajini alilining'iniza panga lake kiunoni, upande wa kulia, na dira aliishika hapo hapo kiunoni, upande wa kulia. Sindano ya dira hupenda chuma cha karibu kuliko kaskazini ya mbali. Alipogeuka, kaskazini iligeuka pamoja naye, kwa utii ambao sijapata kuuona hata kwenye gwaride.

Nilinyoosha mkono. Nikasema, "Samahani, Sajini, nadhani panga lako linavuta sindano." Akanijibu, "Binti, mimi nimesoma ramani jangwani Sinai kabla mama yako hajakuwaza." Nikamwuliza, kwa nia njema ya kujifunza, huko jangwani walikuwa wakifyeka nini. Wasichana wakacheka, jambo ninalolisikitikia. Sajini akasema, "Haya, bingwa, nenda huko unakokujua wewe. Tutaonana juu, kama utafika."

Kitabu chenu kinasema askari akishaijua nia ya mkubwa wake, hahitaji kushikwa mkono. Nia ilikuwa juu. Niliyachukua maneno yake kuwa amri, na saa nne kamili nikaondoka na wasichana watano. Tuliyaweka mapanga hatua ishirini kutoka kwenye dira, tukapima nyuzi mara tatu, kisha, kwa tahadhari, tukamwuliza Mzee Eroni aliyekuwa akichimba magimbi. Hakuinua hata mgongo. Alielekeza kwa kidevu. "Uluivatu? Si kile pale. Kwani kimepotea?"

Saa tano na dakika ishirini tulikuwa kileleni. Kadi sita zenye mihuri sita nimeziambatisha. Kama nilipotea, Meja, basi nilipotea mpaka pale pale nilipotumwa.

3. Kilima kilikuwa mtoro. Haya nimeyapata kwa rafiki yangu Sulueti, aliyebaki katika kundi la wasichana kumi na wanane, na siku hizi halali vizuri. Saa saba mchana Sajini aliwasimamisha katikati ya malisho ya ng'ombe na kutangaza kwamba wamefika. Uluivatu, kama jina lake, ni kichwa cha jiwe. Mahali pale palikuwa na tuta la nyasi lenye kimo cha meza ya walimu. Sulueti aliuliza jiwe liko wapi. "Limemomonyoka." Akauliza kisanduku kiko wapi. "Kimeibwa." Akauliza ng'ombe watatu waliolala kileleni wanahesabiwaje katika ramani. Aliambiwa akimbie kulizunguka tuta mara kumi, na akalizunguka kwa muda mfupi sana.

Sisi sita tulikuwa tukiwaona kutoka juu. Tulipunga kitambaa chekundu. Sajini alitutazama kwa darubini, akawaambia wenzetu kwamba ni wanakijiji wanafukuza ndege.

Hapa ndipo ombi langu kuu lilipo. Naomba kilima cha Uluivatu kihamishwe kilomita tatu hadi kwenye malisho hayo, ambako mkufunzi wa jeshi alikihitaji. Nimezungumza na mwenye malisho. Hana pingamizi, mradi kivuli kisianguke upande wa kisima.

4. Jua. Kufikia saa tisa alasiri lilikuwa linateremka upande ambao dira ya Sajini iliuita mashariki. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye bado hajajua nini kisemwe na nini kisisemwe, alimwonyesha. Sajini akamwambia, "Usitazame jua. Jua halina cheo."

Sina la kuongeza. Naomba lipewe.

5. Kijiji cha Navunidakua kilikuwa mbele yao. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na nalieleza kwa uchungu. Saa kumi kundi lilitokeza katikati ya kijiji hicho, ambacho hakikuwa katika mpango. Huku kwetu huingii kijiji cha watu mikono mitupu. Unatanguliza fungu la mizizi ya yaqona, ile inayopondwa ikanywewa na wazee, unaketi, unasemewa, unapokelewa. Kundi halikuwa na hata mzizi mmoja, kwa sababu anayebeba yaqona ya kijiji asichokusudia kwenda anakiri mapema kwamba anaweza kupotea, na Sajini hakutaka kukiri.

Lakini hilo lingesamehewa. Sajini ni mtu wa visiwani, na watu wa Navunidakua ni watani wa kwao tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka. Mtani akitaka ulicho nacho unampa, na unacheka tena. Hata mtoto wa chekechea anajua kutopita mbele ya nyumba ya mtani akiwa na kofia mpya. Mkufunzi wetu aliwaendea watani zake kwa gwaride, amevaa kila kitu alichopewa na jeshi.

Bibi Kelera, anayeongoza akina mama wa kanisa, ndiye aliyemwona kwanza. Akapaza sauti kutoka barazani: "Jamani, samaki wamepanda mlima. Bahari ya kwenu imekauka, mjukuu wangu?"

"Tunapita tu, bibi," Sajini akasema.

"Mnapita kwenda wapi?"

Meja, hapa ndipo mtu wa kawaida angesema: bibi, Uluivatu ni upande gani? Maneno manne au matano. Angeonyeshwa, angechekwa kidogo, angeondoka na buti zake. Sajini alisema, "Jeshi haliulizi njia, bibi. Jeshi linachunguza."

"Haya, lichunguze pekupeku," Bibi Kelera akasema, na akina mama wakamvua buti. Ramani waliitandika chini ya chungu cha magimbi. Dira walimfunga nguruwe shingoni, wakasema huyu sasa hatapotea tena akienda shambani kwa watu. Sajini, kwa mujibu wa mila, alicheka kila hatua. Sulueti anasema kilikuwa kicheko cha mtu anayeng'olewa jino. Kadeti walilishwa majani ya magimbi kwa tui mpaka wakafungua mikanda. Sisi sita ndio tuliowakomboa. Tuliwaona kutoka juu wakiingia kijijini, tukateremka na yaqona tuliyoiomba kwa Mzee Eroni, yeye mwenyewe akaja kutusemea mbele ya wazee, na saa mbili usiku wote walikuwa bwenini.

6. Kwa hiyo dira haikupotea. Iko shingoni mwa nguruwe wa Bibi Kelera. Nilipoipima pale ilikuwa ikielekeza kaskazini bila kosa, kwa kuwa nguruwe habebi panga.

Nimeyatafakari haya yote kama mlivyotufundisha: lengo, hali ya ardhi, njia zilizopo, gharama. Kuonya kijito, kukisogeza kilima kilomita tatu, kulipatia jua cheo na kuhamisha kijiji kizima pamoja na watani wake ni kazi nyingi za idara nyingi. Iko njia fupi. Kisiwa chote cha Viti Levu kigeuzwe robo ya duara. Kikigeuzwa hivyo, kila mahali Sajini alipokwenda Jumamosi patakuwa ndipo alipopaswa kwenda. Najua kuna watakaonung'unika, hasa wenye nyumba pwani. Lakini usumbufu huo ni mdogo sana ukilinganishwa na usumbufu wa kumtaka mwanamume mzima mwenye cheo aulize njia.

Ikiwa bajeti ya mwaka huu hairuhusu kugeuza kisiwa, naomba kitu kidogo badala yake. Katika ripoti, neno "akapotea" lifutwe, na mahali pake liandikwe "akafika". Herufi zitapungua, wino utabaki.

Nisalimie karani wako aliyenipa kiti nilipoleta fomu zangu. Msalimie pia dereva aliyenionyesha picha za watoto wake, na maafisa wote wa ofisi yako pamoja na familia zao. Mwalimu wa jiografia anakusalimu, na anauliza kama anaweza kukichukua kisanduku chake. Wazee wa Navunidakua wanakusalimu wewe na buti zako.

Nikiwa bado naitumaini Ijumaa,
kwa utii na heshima,

Kadeti Mereoni Navula
Sehemu ya Kwanza

Nyongeza: Kanuni inataka malalamiko ya kadeti yapitie mikononi mwa mkubwa wake wa karibu, hivyo leo asubuhi nilimpa Sajini barua hii ikiwa wazi. Aliisoma kwenye ngazi za bweni, amevaa kandambili. Ukurasa wa pili aliurudia. Nilikuwa nimesimama wima nikisubiri adhabu. Alipomaliza akasema, "Hapo kwenye jua umenihurumia. Nilisema mabaya zaidi." Kisha akatoa ripoti mfukoni, akakata mistari yote miwili, akaandika mingine, akaikunja ndani ya barua hii, na kusema ataileta yeye mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa posta ya huku haifiki kabla ya Ijumaa. Alifika mpaka langoni, akarudi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili kidato cha tatu wasisikie, ile ofisi mpya mliyohamia mwezi uliopita iko upande gani wa Suva. Nilimchorea. Akauliza tena kuhusu njia panda ya pili, nikamweleza tena, akashukuru.

Kwa hiyo, Meja, ikiwa unaisoma barua hii, mtu niliyekuandikia kwamba haulizi ameuliza, na amefika. Hoja zangu zote sita hazina tena pa kusimama, na kilima naomba kibaki kilipo. Ikiwa ni Ijumaa na huisomi, hoja zote zimesimama, na jina langu linazunguka mjini katika mfuko wake. Tafadhali atafutwe upande wa bandari, kwa sababu ndiko alikoelekeza kidole aliponiambia ameelewa.