Helmeti Inayojua Kuamkia

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nesi Ernestina, aliyehamishiwa zahanati yetu hapa Basotu kutoka Songea, amekuja kusema na vijana wa parokia. (Nina miaka thelathini na nne. Bado ni kijana.) Jumapili tunazunguka ziwa kwa baiskeli, matembezi ya kujifurahisha tu, na yeye anasema asiye na helmeti asipande. Akaangusha maboga mawili kutoka juu ya meza. La ndani ya helmeti: zima. La bila helmeti: vipande. Akasema ubongo ni laini kuliko boga. Mimi nikaomba lile lililopasuka, nikalichemsha jioni. Tamu! Sioni lilidhurika wapi.

Gaudensia alikaa mbele. Fundi cherehani, mpole, ila akikutazama unajikagua vifungo. Baba yake, Mzee Hhando, ametangaza kwamba baada ya matembezi atasema anapokea washenga wa nani: wangu mimi, Onesphory, fundi redio na simu, au wa Sylvester, bwana shamba kutoka Rombo. Njia inapita mbele ya nyumba yake. Atakuwa pale na wazee wenzake.

Jumanne, 6 Agosti

Tatizo limenijia nikikoroga chai. Huwezi kumwamkia mzee ukiwa na kitu kichwani! Mama alinichapa kwa kosa hilo nikiwa na miaka sita, na ilikuwa kofia ya sufu tu. Sasa helmeti ina mkanda chini ya kidevu. Kusimama, kufungua, kuamkia, kufunga, kupanda. Wazee tisa. Nitamaliza mzunguko Jumatatu. Sylvester ataweza, yeye ni mtumishi wa serikali, hana haraka.

Nimekata mkanda kwa wembe. Helmeti sasa inavulika kama mfuniko wa sufuria.

Jumatano, 7 Agosti

Jaribio. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye helmeti. Nikamwamkia Bibi Yusta akitoka kuchota maji. Nikaingia kwenye uzio wake wa minyaa. Ameitikia marahaba kabla sijafika chini. Halafu akauliza kama mama yangu anajua ninakoshinda.

Nimeelewa kosa. Mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Helmeti ijivue yenyewe.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeunda! Kamba ya katani inatoka juu ya helmeti, inapita kwenye kijiti nilichofunga mgongoni, inashuka mpaka kwenye goti la kulia. Goti likishuka, helmeti inanyanyuka. Goti likipanda, inarudi. Kwa kuwa nakanyaga pedali muda wote, inaamkia mfululizo. Leo imewaamkia walimu wawili, katekista na ng'ombe wa jirani yangu Bura. Hakuna aliyelalamika.

Gaudensia alipita kibandani kwangu ninakotengenezea redio. Aliuliza mkanda uko wapi. Nikasema nimeuhifadhi. Akanieleza habari za kaka yake Patriki, aliyeanguka na baiskeli kule Dirma miaka miwili iliyopita, kichwa wazi, na mpaka leo kila asubuhi anamwuliza, wewe dada ni nani? Akasema hatafuti mume mwenye mali wala mwenye mbwembwe. Anataka mume atakayelijua jina lake kesho asubuhi.

Maneno yale yaliniingia. Kweli kabisa. Nilikaa dakika nzima sifikiri chochote. Halafu nikaona kamba inahitaji grisi.

Jumapili, 11 Agosti (nimeandika Jumatatu, nesi alininyang'anya kalamu)

Tuliondoka baada ya misa. Sylvester mbele, kajifunga mkanda mpaka mashavu yamevimba. Nikampita! Helmeti yangu inapanda, inashuka. Watoto wanapiga makofi. Nikafika kwa Mzee Hhando. Wazee tisa kwenye benchi, wamenyooka. Nikapaza sauti: shikamooni wazee! Nikakanyaga kwa nguvu ili heshima iwe kubwa. Helmeti ikanyanyuka. Haikurudi. Kamba ilikuwa imeingia kwenye mnyororo, na mnyororo ukanivuta kijiti, na kijiti kikanivuta mimi.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nilitua kwa kichwa. Sylvester alitupa baiskeli yake, akanishika shingo isicheze, akaita nesi. Nakumbuka jambo moja tu. Nilifumbua jicho nikaona hajavua helmeti. Mbele ya wazee tisa! Nikafurahi sana. Nikajua huyu amekwisha.

Jumatatu, 12 Agosti

Zahanati. Nyuzi sita. Nesi aliniuliza leo ni siku gani, nikasema Alhamisi, akaandika kitu bila kunionyesha.

Mzee Hhando alikuja, kashikwa mkono na binti yake. Nikajikokota kumwamkia. Akauliza niko kitanda kipi. Kumbe ana mtoto wa jicho! Mwaka wa tatu haoni ila mwanga. Anawajua watu kwa sauti. Alisema helmeti hajawahi kuiona ya mtu yeyote. Alichosikia jana ni shikamoo moja nzuri, halafu kishindo. Kijiji kizima kilijua. Nilimlalamikia nesi kwamba hakuna aliyeniambia. Akasema hakuna niliyemwuliza.

Matembezi yalikatizwa kwa sababu yangu, kwa hiyo yatarudiwa Jumapili. Jibu la washenga litasubiri mpaka hapo. Mzee alitaka kulitoa leo, ila Gaudensia alimwomba asitoe.

Alibaki nyuma baba yake alipotoka. Macho mekundu. Nikamwuliza analia nini. Akaniambia nimtaje jina. Nikasema, Gaudensia. Akakaa kitini, akalia upya.

Jumatano, 14 Agosti

Niko nyumbani. Gaudensia ameleta helmeti yangu. Ameirudishia mkanda kwa mkono, uzi wa viatu, mara mbili mbili, kwa sababu sindano za cherehani zilivunjika. Akasema Jumapili hatatazama mwendo wangu, wala wazee, wala Sylvester. Atatazama mshono huu tu. Akiuona umefungwa chini ya kidevu changu, atamwambia baba yake awaite washenga wangu.

Sijawahi kufanyiwa jambo kama hili. Nimeushika mshono kwa muda mrefu. Machozi yalinitoka, siyo ya kidonda.

Halafu nikawaza. Mzee haoni. Lakini anasikia!

Nina spika ya redio ya marehemu babu, ndogo, sauti safi. Nimerekodi shikamoo kwenye simu, mara tisa, kwa sauti nzito ya mtu mwenye shamba. Spika inakaa vizuri kabisa juu ya helmeti. Imepungukiwa tu na kitu cha kuifungia isidondoke. Nimetafuta nyumba nzima. Mkanda wa Gaudensia una urefu ule ule unaotakiwa.

Anashona vizuri, huyu mwanamke. Nimemaliza nyembe mbili.