Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Kazini Pamoja na Toroli Lake

Korido ya nyumba yangu,
asubuhi.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha barua hii kinajieleza chenyewe, ila mambo yenyewe ni marefu kuliko kichwa, kwa hiyo naomba uvute kiti.

Mimi ni mke wa yule mtu mrefu aliyekuwa mkuu wa ghala kiwandani kwako mpaka alipostaafu, kabla tu ya mvua kuanza. Siku ya kumuaga ulisimama ukasema kiwanda hakitampata mwingine kama yeye. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Basi ninyi hamjampata mwingine, na mimi ninaye huyu huyu, tena kutwa nzima. Ndiyo maana nakuandikia.

Sina ugomvi na kiwanda. Lakini sehemu nyingine mtu akistaafu hupewa saa ya ukutani, au redio, au kiti cha kupumzikia. Ninyi mlimpa toroli. Mtu aliyekesha na funguo za ghala maisha yake yote, mkampa toroli jipya la kijani na kumwambia akapumzike. Alilisukuma kwa miguu mpaka nyumbani likiwa tupu, akazunguka nalo uani akitafuta kitu cha kupakia. Hakikuwepo. Akachukua jembe, akaanza kutengeneza kitu cha kupakia. Yaliyofuata nayapanga kwa namba, kwa kuwa nimeishi na mtu wa ghala na najua mnavyopenda mambo yenu.

1. Mvua zilipoanza alilima ua wote. Nasema wote, kutoka ukutani mpaka kizingiti cha jikoni. Kamba yangu ya kuanikia nguo aliigeuza ya kupandishia maharage, nguo zikahamia sebuleni. Nilijiambia mtu mzima amestaafu, mwache ajiliwaze. Kisha mchicha ukaota. Ndugu Meneja, sijui kama umewahi kuishi na mchicha wa mtu asiye na shughuli nyingine. Tuliula asubuhi, mchana na jioni, na kila tulipouchuma ulirudi kwa hasira, kama tumeutukana. Tukaanza kugawa. Jirani yetu muuguzi aliupokea mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa adabu, na baadaye nikamwona anatoka kwake kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, ili asikutane na mume wangu. Mimi na mama huyo tulikuwa tunaazimana mpaka sufuria. Sasa haazimi tena. Anaogopa itarudi ikiwa na kitu ndani.

2. Alipomaliza ua aliingia jikoni, akapapanga kwa utaratibu wa ghala: kizito chini, chepesi juu. Kwa hiyo majani ya chai, ambayo hayana uzito wowote, yako rafu ya mwisho karibu na dari, na mimi kwa umri wangu napanda stuli kila asubuhi kama mtoto anayeiba sukari. Nilipolalamika alinieleza kwa upole kwamba ghala zuri halimpendelei mtu.

3. Baridi ilipokuja, miche yake ya nyanya ilihitaji dirisha linalopata jua la asubuhi. Nyumba yetu ina dirisha moja la namna hiyo, nalo liko kwenye chumba changu cha kushonea. Mimi ni fundi wa nguo tangu sijaolewa, na kazi yangu yote nimeifanyia kwenye mwanga ule. Miche ikaingia, cherehani ikatoka ikaja hapa koridoni ninapoandikia barua hii. Mtu akitaka kwenda chooni lazima niinuke. Baridi ikazidi, na blanketi letu zito likaondoka kitandani kwenda kufunika miche. Nilimuuliza sisi tutajifunika nini. Alifikiri kwanza, maana si mtu wa kukurupuka, halafu akasema, “Sisi tuko wawili.”

4. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Nilikuwa nimemaliza nguo ya bibi harusi mmoja pamoja na shela yake ya kichwani, ndefu, ya neti nyeupe, nimeitundika sebuleni inasubiri mwenyewe. Siku hizo vipepeo weupe walikuwa wameanza kutaga mayai kwenye kabichi. Nadhani umeshaona tunakoelekea. Nilitoka kwenda kununua vifungo, na niliporudi nikamkuta bibi harusi na mama yake wamesimama uani. Mstari mzima wa kabichi ulikuwa umelala chini ya shela, kingo zimebanwa kwa mawe, hata mkunjo mmoja hakuna. Mume wangu alikuwa anawaeleza uzuri wa matundu yake, kwamba kipepeo hapiti lakini mvua inapita.

Binti ndiye aliyeuliza, taratibu, “Hiyo si yangu?”

Mume wangu akamtazama, akazitazama kabichi, akavua kofia. Sijawahi kumwona na uso ule. Alidhani ni mabaki ya neti. Aliomba radhi vizuri, akapiga magoti kuondoa mawe moja moja, lakini neti ikishalala kwenye samadi haina tena cha kuombewa radhi. Nilishona nyingine, harusi ikapita salama. Ila yule mama anawaambia watu kwamba wakija kwangu kujaribu nguo wapitie uani kwanza, wahakikishe hakuna aliyekwisha kuivaa. Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Hilo silo la kuchekea, Ndugu Meneja. Mimi pia nina kazi, na bado sijastaafu.

5. Kiangazi maji yakawa shida. Tunaoga tumesimama ndani ya beseni ili maji yote yaende bustanini. Mimi nimezoea. Lakini alikuja kututembelea mama mkwe wa binti yetu, mama wa heshima zake, mara yake ya kwanza kulala kwetu. Alipokuwa bafuni mume wangu alibisha hodi, akasema, “Samahani, dada, naomba uoge bila sabuni. Nyanya hazitaki povu.” Mgeni alikuwa amekuja kukaa wiki nzima. Aliondoka kesho yake na kikapu cha nyanya mapajani, anatushukuru bila kututazama. Binti yetu alinipigia simu usiku ule ule, akaniuliza baba ana nini. Nilimjibu kwamba baba ana nyanya. Akakata simu, na mpaka leo anawasiliana na mimi kupitia kaka yake.

6. Sasa ni mavuno ya maboga. Yako chini ya kitanda, juu ya kabati, na kochi lote limejaa. Mgeni akija tunamkaribisha kwa kumhamishia boga.

7. Na anaongea. Miaka yote aliyokuwa kwako alirudi nyumbani, akala, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Nilijua nimeolewa na mtu mkimya, nikaridhika, nikajizoesha kuongea na cherehani. Kumbe maneno alikuwa anayahifadhi stoo. Sasa yote yanatoka kwa mpigo, na yanahusu mbolea. Juzi alinisimulia maisha ya mnyoo wa udongo tangu anapozaliwa. Nilisinzia katikati, na nilipozinduka mnyoo alikuwa ameshapata wajukuu.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo.

Naomba umrudishe kazini. Simuombei mshahara. Mpe kiti, mlango wenye kufuli, na kitu chochote cha kupanga. Hata kama ghala limejaa na limepangwa, livurugeni kidogo usiku, yeye atalikuta asubuhi na kufurahi. Chakula chake cha mchana nitamfungia mwenyewe, na nakuhakikishia kitakuwa na mboga.

Kama hilo ni gumu, naomba basi kiwanda kichukue maboga. Ninyi mna ghala kubwa lenye paa zuri, sisi tuna kochi moja. Na kwa kuwa yeye hawezi kukaa mbali na maboga yake, atayafuata, na mambo yatakuwa yamejiweka sawa bila mtu kuandikiwa ajira.

Na kama nafasi yake imeshapata mtu, na ghala halina hata pembe, basi naomba uniajiri mimi. Najua kushona magunia, najua kufagia, na kwa mwaka huu nimejifunza utaratibu wenu wa kizito chini na chepesi juu kuliko vijana wowote ulio nao. Nataka nami nitoke nyumbani asubuhi nikiwa nimevaa viatu, nirudi jioni nimechoka, nile bila kusema neno, halafu nikiulizwa habari za kutwa niseme ni nzuri tu. Nikifikisha umri wa kustaafu, kuhusu zawadi, mimi nitapenda saa.

Naamini utalitazama jambo hili kwa moyo wa mtu ambaye naye siku moja atarudi nyumbani kwa mke wake.

Unisalimie mlinzi wa getini, yule anayecheka kabla ya kuambiwa kitu. Wasalimie madereva, wapishi wa kantini, na karani wako aliyemchagulia mume wangu zawadi. Mwambie simchukii, ila ningependa siku moja aje kulala kwetu. Msalimie pia mke wako, na umwambie aanze kujiandaa mapema.

Ni mimi, niliyebaki na korido,

Mke wa aliyekuwa Mkuu wa Ghala,
Fundi wa Nguo za Kike na za Harusi.

Nyongeza: Bahasha utaiona imekunjamana. Nilikuwa nimeshaifunga, nikaifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa sababu mume wangu ameingia sasa hivi. Alikuwa na tope miguuni, akasimama mlangoni asichafue sakafu niliyopiga deki. Akaniambia kwamba kwenye kona ya ukuta wa nyuma pamebaki kipande kidogo, na udongo wake ni mzuri kuliko wote. Nikangoja aniambie ni cha nini. Hakuniambia. Aliniuliza, “Wewe ungependa nikupandie nini?”

Ndugu Meneja, nimeolewa, nimezaa, nimelea, nimeoza binti, na swali hilo sikulitegemea. Nikamwambia bamia kabla hata sijafikiri. Nilikula bamia sana nikiwa msichana, kwa mama yangu, na mume wangu hazipendi, anasema zinateleza. Akasema, “Haya, bamia,” akaondoka. Nasikia jembe hapo nje.

Barua naituma hivyo hivyo, kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Lakini naomba uiweke mahali usipopaona, angalau mpaka bamia zizae, maana hakuna mwingine hapa anayejua kuzitunza. Na kama siku moja utamwona mwenyewe amekuja ofisini kwako na toroli lake kuulizia kazi, tafadhali mwambie nafasi zote zimejaa.