Ufunguzi wa Nyumba ya Nafasi ya Urusi

Mheshimiwa Msaidizi wa Kwanza wa Naibu Gavana. Mheshimiwa Msaidizi wa huyo Msaidizi, uliyemshikia mwavuli. Baba Padri Varsonofi, utubariki. Ndugu walimu wa shule zote tatu, mliofika kwa hiari yenu kama ilivyoelekezwa katika waraka wa Ijumaa. Wastaafu wenye nishani na wastaafu wasio na nishani. Wananchi wote wa Wilaya ya Verkhnaya Luzha: mimi, Ippolit Kuzmich Zagrebin, Mkuu wenu wa Wilaya kwa mwaka wa kumi na tisa mfululizo, nawasalimu kwa niaba yangu. (Makofi. Walimu wamevaa glavu, sauti haitoki.)

Nyuma yangu mnaliona jengo. Ghorofa tatu, nguzo nane nyeupe, madirisha arobaini yenye mapazia. Hii ndiyo Nyumba ya Nafasi ya Urusi katika Historia, Siasa, Dini na Fasihi, iliyobuniwa ndani ya mfumo wa mpango mkakati jumuishi wa uwianishaji wa viashiria vya kiroho, na ambayo utekelezaji wake, nasema bila kujisifu ingawa nastahili, umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi. Bibi mmoja anasukuma toroli lililojaa vitabu mpaka mbele kabisa: "Ippolit Kuzmich, mlango unafunguliwa saa ngapi? Mvua hiyo inakuja!")

Glafira Tikhonovna, mkutubi wetu mstaafu! Wananchi mnakumbuka kwamba mwaka jana, tulipobomoa maktaba ya zamani ili kuinua kiwango cha usomaji, mama huyu alijitolea kuhifadhi vitabu elfu tatu katika kibanda chake cha kuogea cha mvuke. ("Nilijitolea wapi? Mlivimwaga uani kwangu na lori! Mwaka mzima naoga kwenye beseni, na vitabu vimeanza kuota uyoga!") Uyoga, mama yangu, ni dalili ya uhai. Tutafika huko. Twende kwa utaratibu.

Kwanza, historia. Ni hapa kwetu ambapo gari la farasi la mfalme mmoja lilikwama kwenye tope siku mbili, na tope hilo tumelitunza mpaka leo. Siasa je? Ile nguzo fupi pale uwanjani ilibeba sanamu ya mfalme, ikabeba ya mwanamapinduzi, sasa imebeba chungu cha maua kinachosubiri maelekezo. Wakubwa wamekuja na kuondoka, nguzo haijayumba. Dini: kanisa letu tuliligeuza ghala la viazi, kisha tukamrudishia Baba Varsonofi pamoja na viazi vyake vyote, hata kimoja hakikupotea. (Padri: "Vilikuwa vimeoza, Ippolit Kuzmich.") Vilioza kwa mujibu wa sheria, Baba. Na fasihi? Mshairi mmoja aliyefukuzwa mji mkuu alilala kwenye nyumba yetu ya wageni, akaandika barua ya kurasa nane kuhusu kunguni wetu. Kurasa nane! Wilaya jirani wana kunguni wangapi katika fasihi ya Urusi? Hawana hata mmoja! (Makofi ya kweli, ya kwanza leo.)

Kwa hiyo tunatarajia wageni laki nne kila mwaka, ijapokuwa basi linakuja Jumanne tu, na changamoto hiyo tumeiundia kamati ndogo ya... Mama, unakwenda wapi? ("Ndani. Tone la kwanza hilo limeniangukia. Nipisheni, wanangu.") Subiri kidogo. Mlango huo ni wa awamu ya pili. Glafira Tikhonovna, usiusukume! Mama yangu mpenzi, mlango huo umechorwa tu! (Toroli limeingia kwenye nguzo ya tatu, na nguzo imekunjamana.)

Wananchi, kwa sauti moja! Historia ni yetu! ("Uraa.") Siasa ni yetu! ("Hiyo kaa nayo!") Fasihi ni yetu! ("Inalowa!")

Sasa shukrani, kwa haraka. Nawashukuru wachapaji wa kitambaa hiki, madirisha yote arobaini katika kipande kimoja. Nawashukuru wahandisi, ambao kwa kutochimba hata msingi wameyalinda mazingira. Nawashukuru walimu wa michezo walioshikilia kamba huko nyuma tangu asubuhi. Nawashukuru wilaya jirani, ambao Alhamisi wanakichukua kitambaa hiki kwa ufunguzi wao, kwa hiyo jamani kisilowe. Na wewe, Glafira Tikhonovna, picha zimeshapigwa, endelea na beseni mpaka utakapotangaziwa vingine.

(Mvua inamwagika. Glafira Tikhonovna anavua kilemba chake na kukitandaza juu ya vitabu. Hakitoshi. "Nyote hapa mmejifunza kusoma kwa vitabu hivi," anasema. Huko nyuma kamba moja inaachiwa, kisha zote. Jengo linashuka. Nyuma yake kuna kiwanja cha magugu na mbuzi mmoja. Padri na walimu wanakikunja kitambaa mara nne na kulifunika toroli.)

Nani kawaambia muachie? Hilo ni la Alhamisi! Mheshimiwa Msaidizi, usipande gari kwanza... Wewe mwenye kamera, piga! Piga upesi, na uandike hivi: leo, saa sita na dakika kumi, vitabu vya Wilaya vimeingia rasmi ndani ya jengo jipya. Ahsanteni sana.