Zulia la Mezani la Bibi Hendrika

Jamani, mwenzenu leo nimeadhirika. Tena si mbele ya mtu mmoja, mbele ya kabila zima la Waholanzi wa hapa! (Waliobaki, yaani. Wamebaki wachache.)

Kazi yangu hapa Coon Rapids mnaijua, natunza wazee majumbani mwao. Mwezi huu nimepewa Bibi Hendrika, Mholanzi aliyeletwa Minnesota na wazazi wake angali binti mdogo. Mumewe ameshafariki. Wanawe wako majimbo ya mbali, na Kiholanzi hawakijui. Wiki ijayo anahamia nyumba ya wazee, chumba kimoja tu. Sasa leo saa saba alikuwa anakuja dada mmoja wa makumbusho kuchukua zulia la marehemu mamake, likahifadhiwe. Bibi amekosa usingizi kwa ajili ya zulia hilo.

"Nikifa halijapata pa kwenda, Zainab, wanangu watalitupa."

Zulia lenyewe ni jekundu, zito, lina matamvua. Tangu siku ya kwanza naliona juu ya meza ya kulia, Bibi kalaza mikono juu yake. Zulia! Juu ya meza! Nikajisemea, maskini, mzee wa watu hawezi kuinama, ameliweka hapo akingoja mtu wa kumtandikia, na kwa haya zake hasemi. (Mimi mtu wa Mombasa. Kwetu zulia mahali pake panajulikana.)

Basi leo Bibi yuko chumbani anachana nywele, nikaona nimtoe aibu kabla ya wageni. Nikaondoa maua, nikaondoa mkebe wa biskuti, nikalivuta zulia, nikalitandaza sebuleni. Likapendeza hilo! Nikarudi nyuma, nikajisifu mwenyewe.

Adhuhuri ikaingia. Siku zote huwa naswali juu ya taulo. Leo zulia hili hapa, safi, tena limeelekea kibla lenyewe. Nikajifunga mtandio, Allahu akbar.

Kumbe Waholanzi hawangoji saa ifike! Nimo katika sijda, mlango ukafunguliwa. Akaingia Mzee Kees, rafiki wa Bibi, ambaye masikio yamechoka kwa hivyo husema kwa kupiga kelele. Nyuma yake dada wa makumbusho. Na Bibi naye akatoka chumbani.

"HENDRIKA! ZULIA LA MAMAKO LIKO WAPI?"

Kisha Bibi, taratibu: "Liko chini."

"CHINI WAPI?"

"Chini ya Zainab."

Nifanye nini? Swala haikatwi ovyo. Nikaendelea. (Mola anisamehe, moyo wangu haukuwemo.) Nikatoa salamu kulia: buti za Mzee Kees, theluji inayeyuka kando ya matamvua. Nikatoa salamu kushoto: Bibi, mkono mdomoni.

Sijafungua kinywa, dada wa makumbusho akapiga makofi.

"Hapo hapo linapendeza! Na sisi tutalitandika chini hivyo hivyo."

Bibi na Mzee Kees wakatazamana. Wallahi sijawahi kuona wazee wakitazamana vile.

"Hilo ni la mezani," Bibi akasema. "Kwetu zulia zuri hukaa mezani. Mamangu hakukubali hata kikombe kiliguse bila kisahani."

Nikatamani ardhi ipasuke. Vikombe haviruhusiwi, mimi nimepanda na magoti! Nikamuomba Bibi radhi mpaka sauti ikakauka. Dada wa makumbusho naye kaiva uso. Ikawa tumeumbuka wawili.

Mzee Kees akanishika bega. "AFADHALI HUYU AMEKOSEA TUKIWA HAI," akamwambia yule dada. "WEWE UNGEKOSEA TUMESHAKUFA."



Bibi akasema, shikeni pembe. Tukalirudisha mezani, akalinyoosha mwenyewe, akaniagiza kahawa. Akapitisha mkebe: biskuti moja kila mtu, kisha kifuniko, tap! (Ndiyo desturi yao. Mimi nilishautia mkono mara ya pili, nikaurudisha kama sikuwa na nia.) Dada akapiga picha, safari hii akiuliza kila kitu. Bibi akasimulia Jumapili za zamani, Waholanzi walivyokuwa wakijaza ukumbi wa kanisa, wengine wakikosa viti. "Sasa sote tunatosha kwenye meza hii," akasema, na machozi yakamtoka. Mimi pia nikalia. Siwafichi.

Kisha tukalikunja, tukalipakia kwenye gari la makumbusho. Likaenda. Mzee Kees naye akaenda, hakupiga kelele hata ya kuaga.

Niliporudi ndani nilimkuta Bibi amekaa pale pale. Meza tupu, mbao zake zinang'aa kama mpya maana hazijawahi kuona jua. Alikuwa ameinua mikono kidogo, haijui pa kutua.

"Zainab," akasema, "sasa mikono yangu niiweke wapi?"

Nikavuta kiti, nikakaa naye mpaka shifti yangu ikaisha.

Kucheka mtacheka tu, siwawezi. Ila leo nistahini, mnicheke kesho.