Soseji za Sungura, Foleni ya Kimbunga

Jumatatu, 4 Agosti

Mtu wa kunizidi akili hajazaliwa. Hata bibi yake bado yuko chekechea! Naandika haya kwa unyenyekevu mkubwa. Shule na mimi tuliachana kwa amani, na yenyewe ndiyo iliyoanza.

Leo naingia wiki ya tatu kazini. Bustani ya michezo, kibanda cha soseji, nyuma ya vyoo. Ndiyo, nyuma ya vyoo! Mteja akifika kwangu ujue amepotea njia. Nimeuza nne. Ya tano nimeila mwenyewe, kwa ujasiri.

Lakini bei! Soseji moja humu ndani ni kuku mzima nje ya geti, na miguu yake yote miwili. Na soseji yenyewe? Unga, chumvi na matumaini. Inaogelea kwenye maji vuguvugu tangu asubuhi mpaka inakunjamana kama kidole cha dobi. Mkate ni wa juzi; tunaupiga mvuke, unapata ujana wa dakika tano. Juisi ni maji yaliyoonyeshwa chungwa kwa mbali. Na huruhusiwi kuja na chako. Mlinzi wa geti anapokonya hata karanga, halafu jioni unamwona anatafuna.

Mama nikimtajia bei hizi anashika mbavu kwa kicheko. Ni mfagiaji humu humu, mwaka wa tisa, upande wa boti za watoto. Hajanunua humu ndani hata tone la maji. Huja na viazi vyake vya kuchemsha na chupa yake, na mlinzi hamgusi. Anamwogopa.

Habari kubwa: Jumamosi mkurugenzi anakuja kukagua na kuchagua msimamizi wa usafi. Msimamizi ana kiti. Ana meza. Ana tita la funguo kiunoni, na hainami tena maisha yake yote! Magoti ya Mama siku hizi yanalia kama mlango wa stoo. Wanaoshindania ni wawili: yeye na mfagiaji wa getini. Nimemwambia kiti ni chake. Akasema nile nikalale.

Dada wa Bisi, muuza bisi na mshindani wangu wa shari, ana kibanda mbele ya Kimbunga, ile mashine inayomzungusha mtu miguu juu kichwa chini mpaka anataja madhambi yake. Leo amenishauri kwa sauti, mbele za watu, nihamie ndani ya choo kabisa nipunguze safari. Ngoja!

Jumanne, 5 Agosti

NIMEGUNDUA!

Foleni ya Kimbunga ni ya dakika arobaini. Jua kali. Hakuna anayethubutu kutoka, maana ukitoka umepoteza nafasi. Hao si wateja, hao ni wafungwa wenye njaa! Nikachukua sinia, nikalifunga kamba shingoni, nikawafuata. Soseji sitini kabla ya adhuhuri!

Na bei nimeipanga kisayansi. Mkiani mwa foleni, bei ya kawaida. Katikati, naongeza. Mlangoni, pale mtu amebakisha hatua tatu na harufu imemwingia, nataja bei ya mlangoni, ambayo hata mimi naona haya kuitamka. Wanalipa! Baba mmoja aliniuliza hii soseji ina dhahabu ndani. Nikamwambia, mzee wangu, ukiipata turudishie. Akacheka, akanunua tatu.

Tajiri, mwenye kibanda, ana tabia ya kuhesabu soseji kama kuku wa urithi. Leo amehesabu mara mbili na kuniita mwanangu. Kati ya kila kumi, hela ya moja ni yangu. Dada wa Bisi amenuna mpaka bisi zake zimegoma kuchanua.

Jumatano, 6 Agosti

Jana nilikuwa na akili. Leo nimekuwa hatari.

Nimekaa upande wanaposhukia. Nimeona wanavyoshuka. Soseji inapanda na mtu, lakini kushuka inatangulia! Wengine wanafika kwenye ukuta, wengine hawafiki. Mjinga angeona uchafu. Mimi nimeona soko. Nikaleta kreti ya soda ya tangawizi, nikasimama hapo kwa uso wa huruma. Pole kaka, tangawizi inatuliza. Pole dada, vuta pumzi, ni hela hii tu. Kidonda na dawa, duka moja!

Dada wa Bisi alikuja ameziba pua. Anadai wateja wake wamekimbia, kwamba hakuna mwenye hamu ya bisi akiwa amesimama katikati ya mambo yale. Nikamwambia biashara ni vita. Akaniambia mimi ni nzi aliyepata kidonda. Maneno ya mkosaji.

Jioni Mama amekuja nyumbani anaimba. Mfagiaji wa Kimbunga amekimbia kazi. Ametupa dekio, akasema hakuajiriwa kufua matumbo ya watu. Kwa hiyo kuanzia kesho pale kwenye Kimbunga ni pa Mama, na wakubwa wamesema atakayepaweka pale safi mpaka Jumamosi, funguo zake. Mama akanishika shavu. Hii ndiyo nafasi yenyewe, akasema. Huko boti za watoto nani angeniona?

Halafu akasema ana hamu ya kumjua huyo mwehu anayelisha watu kwenye foleni ile. Nikasema watu wa siku hizi hawana adabu. Nikaomba chumvi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiria kuacha. Nimefikiria dakika nzima!

Kisha nikapata njia ya kumsaidia Mama bila kuumiza biashara. Nipandishe bei. Bei ikipanda, wanunuzi watapungua, na vitakavyorudi vitapungua. Hesabu safi. Nikapandisha mara mbili.

Balaa! Nilisikia mama mmoja mwenye miwani akimnong'oneza mumewe: kama ni ghali hivi, basi hizi ndizo za nyama. Mume akaagiza nne. Nikapandisha tena. Wakaanza kusukumana! Mwingine alipiga picha na soseji yake kabla ya kuila. Jamani, ni ile ile, ya unga, iliyoamka na mimi asubuhi. Nilitaka kuwafukuza kwa bei, kumbe bei ndiyo kitoweo.

Shida ni kwamba Mama yuko pale pale na ndoo na mchanga wa kufunikia yale mambo, na macho yake yanaona. Nikakumbuka stoo ya mavazi. Kuna Sungura mkubwa wa manyoya, kichwa kama pipa, aliyekuwa akiwapungia watoto getini kabla mwenye kumvaa hajazimia kwa joto. Nimemwazima. Sijamwambia mtu, lakini Sungura hajakataa.

Sungura na sinia shingoni! Watoto wakapiga mayowe ya furaha. Soseji mia moja na kumi. Mama amemwaga mchanga mara kumi na moja. Nilihesabu kutokea kwenye pua, maana Sungura huyu anaonea puani.

Ijumaa, 8 Agosti

Rekodi imevunjwa kabla ya saa saba. Nina umaarufu! Mtoto mmoja amelia nilipoondoka. Ndani ya kichwa humu, lakini, ni tanuri. Jasho linaingia machoni, na nikilifuta nafuta manyoya.

Kama saa nane hivi Mama amenijia. Nikaganda. Akaniangalia puani, kwenye macho yangu kabisa, na hakunijua. Akanipa chupa yake ya maji, akainua kidevu cha Sungura kidogo apitishe. Pole na joto, mwanangu, akasema, nani anakutumikisha hivi? Nikanywa. Maji matamu hayo! Akapumzika karibu yangu, mgongo ukutani. Akamsimulia Sungura kwamba naye ana mtoto wake, yuko kibanda cha soseji kule nyuma ya vyoo, alikuwa mtundu lakini siku hizi ametulia. Akasema magoti usiku hayamwachi, ila juzi amechungulia ofisi ya msimamizi. Kiti kina mto, akasema. Sungura akatikisa kichwa. Angefanya nini?

Alipokwenda, Dada wa Bisi akatokea. Ametambua soksi zangu, moja nyekundu moja ya buluu. Akasema sasa hivi ameona mama mtu mzima akimnywesha maji anayemmwagia taka, na kwamba nikijisikia vibaya nisishangae, ndivyo watu wanavyojisikia. Niache kuuza, akasema, angalau kesho tu. Kesho Mama yako anakaguliwa.

Wivu! Nikamwambia kesho ndiyo kilele. Bustani inajaa. Na mimi nina mpango kwa ajili ya Mama mwenyewe: mkurugenzi nitamlisha bure. Akishiba ataona kila kitu kinang'aa. Nani amewahi kumnyima mtu funguo akiwa ameshiba?

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika haraka.

Saa tatu Mama alikuwa amepiga dekio mpaka ungejiona meno chini. Amevaa sare aliyoipiga pasi mara mbili. Mkurugenzi akaja na tumbo lake na makarani wawili. Akaangalia chini. Akaangalia tena. Akamwuliza Mama amefanyaje. Niliona kwa pua yangu, karani mmoja ameshika funguo mkononi! Mambo yalikuwa yamekwisha. Kimya kingetosha.

Nikaenda na sinia.

Mkurugenzi akafurahi, kumbe ni Sungura! Akala moja. Nikampa ya pili, nikaipaka sosi ya nyanya kama bibi harusi. Akala ya tatu mwenyewe, bila kushawishiwa. Kwa furaha ile akatangazia foleni kwamba leo naye anapanda Kimbunga na makarani wake. Makofi! Aliyepiga zaidi ya wote ni mimi.

Kimbunga kikazunguka. Kikasimama miguu juu, kama kawaida yake, dakika nzima.

Sitaandika yote. Nitasema tu kwamba mkurugenzi hakufika ukutani. Wala makarani. Wala safu yote ya pili. Kwa kuonana tu wakaambukizana, kama miayo. Mama amesimama katikati na dekio lake moja. Viatu vya mkurugenzi vilikuwa vyeupe. Vilikuwa.

Aliponyanyua kichwa alisema neno moja kwa karani: mwingine. Funguo zikaenda kwa mfagiaji wa getini. Halafu akauliza huyu Sungura ni wa nani. Mtoto mmoja, yule aliyelia jana, akaruka kunikumbatia, akaning'inia kwenye masikio. Kichwa kikabaki mikononi mwake.

Hewa safi. Na Mama mbele yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefukuzwa. Tajiri amekataa hata kuniita kwa jina, ananiita hasara. Vazi nimeagizwa kulifua, manyoya yote, kwa mikono. Dada wa Bisi amepita nyumbani kumwona Mama. Kwangu hakuleta hata punje. Amesema tu kwamba kibanda cha nyuma ya vyoo sasa anakichukua yeye, cha pili.

Haidhuru. Mwenye akili hafukuzwi, anahamishwa. Nimelala nikafikiria, nikaamka nimeliona. Mifuko! Mifuko ya karatasi ya kutapikia! Mtu aliye mlangoni mwa Kimbunga, akimwona mwenzake anashuka kijani, atalipa kiasi gani kwa mfuko? Bei ya mlangoni! Naitia nakshi, naandika juu yake Safari Njema. Kama ni ghali watajua ni mizuri. Kuingia ndani kuna njia. Mlinzi anapenda karanga. Hapo hata Mama nitakuwa nimemrahisishia kazi. Mtaji ninao pia, uko hapa mfukoni, pesa ya soseji ya mwisho.

Hiyo ya mwisho jana sikuiandika.

Watu walikuwa wametawanyika. Ilibaki moja kwenye sinia. Mimi nimesimama, mwili wa sungura, kichwa changu. Nilingoja kofi, nilikuwa tayari, nimeshafumba macho. Mama hakupiga. Alitua ndoo chini. Akafungua fundo kwenye pindo la kitambaa chake, mahali anapoweka nauli. Akasema nimpe na yeye hiyo soseji, aonje kilichomnyima kiti. Akauliza ni bei gani.

Mdomo ulikuwa umeshazoea. Nilimtajia ya mlangoni.

Akahesabu yote, sarafu kwa sarafu, akaniwekea mkononi. Akaila pale pale amesimama, mpaka ikaisha. Akasema ni unga mtupu. Kisha akainama kuokota dekio, na magoti yakalia.

Mambo mengine yote yangerekebishika. Hilo moja tu ndilo lililoharibika kweli: Mama alinilipa, nami nikapokea.