Makumbusho ya Reli Yaliyozama Kwenye Karatasi

Jumapili, 5 Mei

Kimbunga kimepita jana. Nimefika Makumbusho ya Reli saa tatu asubuhi, ufunguo mkononi, nikakuta mlango haupo. Mabati ya upande wa bahari yamepeperuka. Maji ya chumvi yamefika vifundoni. Behewa letu la mbao, lililoletwa kwa lori kutoka Mombasa kwa kuwa Malindi haijawahi kuona treni, limelala ubavu uani.

Mzee Garama alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa gadi wa treni miaka thelathini; sasa huwasimulia wageni habari za safari zake, nao humpenda kupita kiasi. Nimemkuta akiokota madaftari ya stesheni majini, akiyafuta kwa shati lake. Msimamizi ni mimi. Hakuniuliza chochote.

Jumatatu, 6 Mei

Bi Priscilla, katibu wa mfuko unaotutunza, amepiga simu kutoka Kilifi. Anataka ripoti ya hasara.

Nimefikiri sana. Hasara ndogo huletewa mabati. Hasara kubwa huletewa jengo. Jengo jipya litataka mkurugenzi, na mkurugenzi atataka msimulizi anayejua kompyuta. Garama hajui hata kuiwasha.

Nimeandika kwamba kila kitu kimechukuliwa na bahari. Sentensi nzuri. Nimeisoma mara tatu kabla ya kuituma.

Jumanne, 7 Mei

Taabu ni kwamba vitu vipo. Saa ya stesheni, taa za ishara, mashine ya tikiti: vyote vilikuwa kwenye rafu ya juu, havikupata hata tone. Nimevihamishia nyumbani kwangu Shella kwa mkokoteni. Nimemwambia Garama nakwenda kuvihifadhi mpaka paa lirudi. Akaamini. Akasukuma pamoja nami hadi mlangoni, halafu akaniombea dua. Dua ile imenikera siku nzima.

Mke wangu Mumbua ameuliza saa ya stesheni inafanya nini kitandani. Nikasema ni mambo ya kazi. Akaenda kulala kwa dada yake.

Alhamisi, 9 Mei

Bi Priscilla anakuja kesho. Behewa linaonekana zima mno. Garama alikuwa amepeleka madaftari kwake Kakuyuni kuyaanika, basi nikachukua mtaimbo nikang'oa mbao za ubavuni. Msumari ukanichoma mguu. Muuguzi wa zahanati aliuliza nimeumia wapi. Nikasema nilikuwa naokoa urithi wa taifa. Akanidunga sindano bila huruma.

Jioni Garama amerudi, akaziona mbao. Akaketi chini. Akasema leo hapakuwa na upepo. Akasema mwanawe wa kwanza alizaliwa ndani ya behewa lile, kabla ya kufika Voi, na abiria walitoa leso zao kumfunika. Kisha akainuka, akaziokota mbao, akazipanga kwa urefu wake.

Heri angenitukana. Mtu akikutukana unajua la kujibu.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya. Bi Priscilla amezunguka jengo mara moja tu. Akaniuliza, kweli hakuna kilichosalia? Nikasema hakuna, nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Akafunga faili. Akasema mfuko hukarabati kilichobaki. Pasipobaki kitu, hufunga. Makumbusho yamefungwa kuanzia leo, na fungu letu litakwenda kwingine.

Nikamwambia huenda nilikosea kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Sikuwa na njia ila kumpeleka nyumbani. Akasimama mlangoni mwa chumba changu, akazitazama taa, mashine, na saa juu ya mto wa kulalia.

"Bwana Dedan," akasema, "kumbe bahari siku hizi inakaa Shella?"

Nikaeleza kuwa ilikuwa hifadhi ya muda. Akasema nishukuru haniitii polisi. Kazi sina. Makumbusho nayo hayatafunguliwa tena. Barua ya kuyafunga ilikwisha kutiwa saini kwa nguvu ya ripoti yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Lori limekuja kuchukua vitu kuvipeleka ghalani Mombasa. Garama amekuja na madaftari yake, makavu, kila moja limefungwa kwa uzi. Alikuwa amevaa kofia ya ugadi. Vilipokwisha kupakiwa, akasimama nyuma ya lori na kuinua bendera ya kijani ya kuruhusu treni. Dereva hakujua maana yake, lakini akaondoka.

Nilitaraji atanisema. Aliniuliza tu kama mguu umepoa. Nikasema unapoa. Akaenda zake kwa miguu, njia ya Kakuyuni, bendera kwapani.

Mzee mjanja. Najua alifanya makusudi nijisikie vibaya.

Jumatano, 15 Mei

Nimechunguza kosa langu kwa utulivu. Niliandika "kila kitu". Neno lenye pupa. Ningeandika "karibu kila kitu", sasa hivi ningekuwa mkurugenzi.

Leo nimekutana na Mchungaji Sanga wa Adu. Kimbunga kimeezua nusu ya paa la kanisa lake, na anatafuta mtu wa kumwandikia wafadhili. Nimemwambia nusu paa haimlizi mtu; ile iliyobaki aishushe mwenyewe kabla wakaguzi hawajafika. Akasita. Akaniuliza kama nina uzoefu wa kazi hii.

Nikamwambia ninao, wa makumbusho mazima.